Gazeti haipigi kura



Wakati wa kampeni, gazeti la Kinshasa linatuambia nani "anafaa". Tunapiga picha ya ukurasa, tunatumiana kwa WhatsApp. Nani kati yetu anauliza ile sifa ililipwa na nani?

Tukumbuke Desemba 2023. Daktari Mukwege, wa hapa kwetu Bukavu, mwenye Nobel ya 2018, magazeti ya dunia yalimusifu miaka mingi. CENI ilimupa chini ya asilimia 1. Sifa ya gazeti siyo kura.

Na mji? Tangu 2011 rais anachaguliwa kwa duru moja: mwenye kura nyingi njo anaingia, hata kama hana nusu. Kura ya Nguba na ya Shabunda ziko na uzito moja. Hatuwezi kuamulia vijiji.

Lakini Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu na fujo. Basi kazi yetu njo hii: matokeo yakibandikwa kwenye kituo, kila mutu apige picha ya ile karatasi. Mwenye ndugu Fizi ao Kalehe, amwambie naye afanye vile.

Tuache kutumiana ukurasa. Tutumiane matokeo.