WAZEE WETU NA MAJIBU YA MAWAZIRI BUNGENI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kawangware 46)

Tumeombwa tuseme juu ya maswali ambayo mawaziri huulizwa Bungeni kuhusu wazee, na juu ya miswada inayongoja kuwa sheria. Pengine wako wanaosema, "Sisi tungali na nguvu, mambo ya wazee yatuhusu nini?" Yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, kila mwisho wa mwezi twakata mshahara huu mdogo tukapeleka nyumbani kwa baba na mama. Pili, sisi wenyewe twazeeka, wala uzee haukubali mgomo.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1954 Kamati ya Bwana Carpenter iliyochunguza mishahara ya Waafrika katika Kenya ilieleza wazi ya kuwa mshahara wa mjini ulipimwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, na ya kuwa mfanyakazi asiye na tegemeo la uzeeni hawezi kuacha shamba lake. Maana yake ni kwamba mwajiri alikula nguvu za ujana, na shamba likalisha uzee. Mwaka 1965 ikatungwa sheria ya NSSF, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini kwa miaka mingi mfuko ule ulimpa mzee fedha zake mara moja tu, zikaisha, naye angali hai.

Sasa tutazame Bunge. Zamani mawaziri walikuwa wabunge, wakaulizwa na kujibu hapo hapo. Toka 2008 hata 2013 Waziri Mkuu, marehemu Raila Odinga, alikuwa na nafasi yake ya kujibu, naye alikuwa Mbunge wa Lang'ata, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Kibera. Kwa Katiba ya 2010 mawaziri si wabunge tena, hivyo baada ya uchaguzi wa 2013 walijibu mbele ya kamati tu. Mwaka 2023 wakaanza kuitwa tena kusimama mbele ya Bunge zima. Hii ni faida kwetu, maana neno lililosemwa pale huandikwa katika Hansard, na kila raia aweza kulisoma.

Lakini ndugu, jibu si kazi iliyokwisha. Sisi wa reli twajua. Mnyapara akiambiwa, "Mataruma yaliyooza yatabadilishwa," huuliza: lini, mangapi, na genge gani litakwenda? Asipoambiwa hayo, ajua ya kuwa treni itaendelea kupita polepole mahali pale. Basi Waziri akijibu ya kuwa jambo la wazee "linashughulikiwa", nasi tupime jibu lake kwa mambo matatu: tarehe, kiasi cha fedha, na ofisi itakayotenda. Likikosa yote matatu, hilo ni jibu la heshima tu, wala halijai sufuria.

Tena sheria yenyewe yaweza kukwama. Sheria mpya ya NSSF ilipitishwa 2013, ili mchango uwe mkubwa na mzee apate pensheni ya kila mwezi. Ikaingia mahakamani. Mwaka 2022 mahakama ya kazi ikasema haifuati Katiba, na Februari 2023 Mahakama ya Rufani ikaruhusu itumike. Kwa miaka yote ile mfanyakazi alikuwa akitoa Sh. 200 kwa mwezi na mwajiri Sh. 200. Ndugu aliyestaafu katika miaka hiyo hakungojwa na mtu.

Muswada nao una maisha yake. Husomwa mara ya kwanza, wananchi husikizwa, husomwa mara ya pili na ya tatu, ndipo hupelekwa kwa Rais. Bunge likimaliza muda wake kabla ya hapo, muswada hufa. Mwaka 2018 ulipelekwa katika Seneti muswada wa kutunza na kulinda wazee, uliotaka kaunti zichukue sehemu ya kazi hiyo na anayemdhulumu mzee aadhibiwe. Bunge lile likamaliza muda wake 2022, na muswada haujawa sheria.

Hapa pana hoja ambayo chama lazima kiikamate, maana muswada wa namna ile waweza kurudi. Kifungu cha 57 cha Katiba chasema ya kuwa mzee ana haki ya kuishi kwa heshima, na kupata matunzo na msaada kutoka kwa jamaa yake na kutoka kwa Serikali. Tazameni neno "na". Halikuandikwa "ama". Sisi hatumtetei mtu anayemtupa mamaye. Huyo ameharibu mila na dini pamoja. Lakini kibarua wa Kawangware anayelipwa kwa siku, asiye na kazi siku ya mvua, amtunze mzee kwa nini? Sheria ikimfungulia mtoto jela, huku haitaji mshahara wake wala fungu la Serikali, itakuwa imesoma nusu ya Katiba.

Na fungu la Serikali ni nini? Mpango wa fedha za wazee ulianza kwa majaribio katika miaka ya 2006 na 2007, na mwaka 2018 ukafunguliwa kwa wenye miaka 70 na zaidi, Sh. 2,000 kwa mwezi. Si kitu cha kudharau. Mzee asiyekuwa na senti hununua unga na mafuta. Lakini gawanyeni kwa siku 30: ni chini ya Sh. 67. Wenzetu wa Zanzibar walianza Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa wenye miaka 70, kwa fedha za Serikali yao wenyewe, na kisiwa si tajiri kupita bara. Uingereza nayo ilitunga sheria mwaka 1908, wazee wa miaka 70 wakaanza kupokea shilingi tano kwa juma Januari 1909. Huko vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimedai kwa miaka mingi. Haikuanguka kama mvua.

Basi twaleta mambo matatu mbele ya mkutano. Moja, tawi liwaandikie wabunge wa Dagoretti Kaskazini na Kibra, wamwulize Waziri swali lenye tarehe na kiasi: fedha za wazee zitaongezwa lini, kwa shilingi ngapi, na kwa nini hulipwa kwa kuchelewa? Mbili, tutumie Kifungu cha 119, kinachompa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, tuseme ya kuwa muswada wowote wa wazee utaje wajibu wa jamaa na wa Serikali pamoja. Tatu, kila mwanachama aulize NSSF hesabu yake kabla ya mkutano ujao. Fedha iliyokatwa katika mshahara wako isipofika mfukoni, mdai mwajiri leo ukiwa na nguvu za kusimama, usingoje siku utakapokuja ofisini na mkongojo.

Ndugu, wazee waliotandika reli hii na kujenga mji huu hawaombi sadaka. Wanadai kilicho chao, na ahadi ni deni. Anayekubali mambo haya matatu na anyoshe mkono.