Viungo vya Jikoni na Kumbukumbu za Wazee Wetu

Mada iliyotolewa kwa vijana wa Kanja, Embu, baada ya swala ya Alasiri

  

Najua saa hizi koo zimekauka na akili za wengi ziko kwenye sambusa, kwa hivyo sitawaweka sana. Nimeombwa nizungumzie viungo na ugonjwa wa kusahau. Huu ndio mwezi wa viungo. Hata zile nyumba ambazo mwaka mzima zinakula githeri ya chumvi na kitunguu, Ramadhan ikiingia utasikia harufu ya iliki na mdalasini ukiwa barabarani. Na pamoja na tende, huja pia mikebe na chupa zilizoandikwa kwamba zinarudisha kumbukumbu. Tembe za manjano, mafuta ya habbat sauda, mchanganyiko huu na ule. Mimi nilinunua. Ndiyo sababu nimesimama hapa.

Mamangu alianza kwa kuuliza swali moja mara nne. Kisha akaficha funguo za stoo ndani ya debe la unga. Siku moja aliswali Adhuhuri, akakaa kidogo, akainuka akaswali tena Adhuhuri, na tena. Sisi watoto tukacheka, tukasema ni uzee tu. Allah atusamehe. Wakati huo alikuwa na dawa za presha alizoandikiwa hospitali, anameza kila asubuhi. Basi akatokea muuzaji mmoja wa dawa za kiasili, mtu wa maneno matamu, akaniambia tembe za hospitali ndizo zinazomsahaulisha mzee. Mpe unga huu wa manjano na pilipili manga miezi mitatu, na zile tembe aziache. Nikauza mbuzi wawili. Nikawa namkorogea kwa mkono wangu mwenyewe, asubuhi na jioni. Mwezi wa tatu mama akaamka mdomo umepinda, mkono wa kulia haushiki kikombe. Kiharusi. Kutoka hapo kusahau kwake hakukuwa tena kwa kurudia swali. Alinisahau mimi.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kupata kuhusu manjano, na nimewasumbua sana madaktari kwa maswali. Wacha niwaambie nilichokipata.

Kwanza, yule muuzaji hakubuni kila kitu. Ndani ya manjano kuna kitu kinaitwa kukumini, ndicho kinachoyapa ile rangi. Mwaka 1906 daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, alieleza mabaka aliyoyaona kwenye ubongo wa mwanamke mmoja aliyekufa akiwa amepoteza kumbukumbu. Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani waliwapa kukumini panya wenye mabaka kama hayo, na mabaka yakapungua. Habari hiyo ikazunguka dunia nzima, na mpaka leo ndiyo inayouza mikebe.

Lakini panya si mama yangu. Majaribio yakafanywa kwa watu wanaougua. Moja lilitangazwa mwaka 2012, wagonjwa 36, wiki 24, wengine wakipewa hadi gramu 4 za kukumini kwa siku. Hawakupata nafuu kuliko wale waliopewa tembe tupu. Sababu moja ni kwamba kukumini haiingii vizuri kwenye damu, tumbo linaipitisha tu. Na hebu tupige hesabu. Katika unga wa manjano kukumini ni kama asilimia 3. Kufikisha gramu 4 unahitaji zaidi ya gramu 130 za unga kila siku. Pilau gani hiyo?

Kuna utafiti mwingine wa mwaka 2018, wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Watu 40 ambao hawakuwa na ugonjwa huu walishiriki kwa miezi 18, na kumbukumbu za waliotumia kukumini iliyotengenezwa maalum ili iingie mwilini zikawa bora kuliko za wenzao. Hiyo ni habari njema, ila watu 40 ni wachache. Zafarani nayo ilijaribiwa kule Iran kwa wagonjwa 46, wiki 16, matokeo yakaripotiwa mwaka 2010 kuwa mazuri. Wachache tena, na kwa bei ya zafarani sijui nani hapa Kanja ataimudu kila siku. Kwa ufupi, kuna matumaini, lakini hakuna kiungo kilichothibitika kuzuia ugonjwa huu wala kuuponya.

Najua kuna mtu ananiangalia vibaya, anasema moyoni: na habbat sauda je? Hadithi ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, kwamba ndani yake mna shifaa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Tunaiamini. Lakini wanazuoni wa zamani wenyewe, al-Khattabi akiwa mmoja wao, walieleza kuwa tamko hilo ni la jumla na makusudio yake ni maalum, yaani inafaa kwa maradhi inayolingana nayo. Na Mtume huyo huyo (S.A.W.) aliamrisha watu wajitibu, akasema kila ugonjwa umeteremshiwa dawa isipokuwa uzee. Sasa wewe ukichukua hadithi moja ukamnyima mzee tembe ya presha, nyingine umeiweka wapi? Mpe habbat sauda, na tembe ampe Allah nguvu ya kuimeza.

Tena muwe waangalifu. Pilipili manga huongeza kukumini kwenye damu, ni kweli, lakini inaweza pia kubadilisha jinsi mwili unavyozitumia dawa nyingine. Manjano ya tembe kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda yanaweza kumtoa damu. Na unga wenye rangi kali kupita kiasi, uogopeni. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kuwa kule Bangladesh manjano yalikuwa yakitiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae. Risasi huharibu ubongo! Unanunua dawa ya kumbukumbu, unakula sumu yake. Nunua mzizi, ukaushe, utwange mwenyewe.

Basi viungo havina faida? Vina, na hapa ndipo ningependa mnisikilize hasa. Adui mkubwa wa kumbukumbu ya mzee ni presha, na rafiki wa presha ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja kidogo. Sisi tunamaliza hicho kwenye githeri ya mchana peke yake, hasa tukiongeza vile vidonge vya mchuzi, ambavyo sehemu kubwa ni chumvi. Mwaka 2015 kulitolewa utafiti wa Marekani ambapo watu 55 walishiriki. Waliofundishwa kupika kwa viungo badala ya chumvi walipunguza sodiamu kwa karibu gramu 1 kwa siku, sawa na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Hiyo ndiyo kazi ya tangawizi, kitunguu saumu, bizari, dania na manjano. Vinafanya githeri iwe tamu bila chumvi. Mimi nilimpa mama manjano juu ya chumvi ile ile, na tembe nikamwondolea.

Na msidhani ugonjwa huu ni wa wazungu. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 kutoka wilaya ya Hai, kule Kilimanjaro, wakulima wa kahawa na ndizi kama sisi, ulikuta asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi wanao. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa, karibu asilimia 45 ya ugonjwa huu duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Presha imo, sukari imo, sigara, pombe, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, upweke. Na kuumia kichwa pia, nyinyi wa bodaboda mnaoning'iniza helmeti kwenye usukani mnanisikia?

Kuna dada aliuliza kwenye karatasi: nyanya yake anasahau kama ni Ramadhan, anakula mchana, wamkataze? Msimkataze, na msimcheke. Aliyeondokewa na akili kalamu imeondolewa juu yake, hana saumu ya kulipa. Ambaye akili yake ingalipo lakini mwili umeshindwa, huyo ndiye wa fidya, mwulizeni Ustadhi awaeleze vizuri. Mwekeeni chakula chake, mkae naye akila.

Mama bado yuko, alhamdulillahi. Tembe zake nampa mimi kila asubuhi, na uji wake una tangawizi. Kesho baada ya Alasiri nitakuja na mashine ya kupima presha. Kila mmoja aje na mzee wake, na aje na tembe zake zote, pamoja na za yule wa sokoni, tuziangalie.