Bila viza si bila karatasi



Wiki iliyopita jirani yangu wa mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, mama mmoja wa makamo, alifunga valizi, akaaga watoto, akaenda uwanja wa Luano kupanda ndege. Arusi ya mtoto wa dada yake, Nairobi. Masaa matatu hayajapita, taksi ikamrudisha mlangoni, valizi ileile, kitenge cha arusi bado kimekunjwa ndani.

"Papa, si mlisema huko redio Kenya ni bila viza?"

Tulisema, mama, na ni kweli. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu tarehe 1 Septemba 2023 Kenya haituombi viza. Lakini pasipoti yake ilibakiza miezi minne, na Kenya inataka miezi sita. Kampuni ya ndege nayo haitaki kubeba mtu atakayekataliwa, kwa sababu mzigo wa kumrudisha unaiangukia yenyewe. Ndiyo maana mpaka wa Kenya mama aliukuta kwenye kaunta, hapahapa Lubumbashi.

Simlaumu sana. Pasipoti yetu ya kibayometriki ilianza 2015 kwa dola 185, baadaye ikashuka hadi 99. Ukilipa pesa kama hiyo unataka kuitumia kama sabuni, hadi kipande cha mwisho. Hesabu ya msafiri ni nyingine: pasipoti ya miaka mitano ni ya miaka minne na nusu.

Tena kuna kadi ya manjano. Tangu 2016 sindano moja ya homa ya manjano inatosha maisha yote, basi usikubali mtu akuambie imeisha baada ya miaka kumi. Ila kadi huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano. Uliyechanjwa jana kwa safari ya kesho, umechelewa. (Na wewe unayenunua muhuri bila sindano, mbu hasomi muhuri.)

Nadhani Kasumbalesa, mpakani na Zambia, imetudekeza. Ni kilomita tisini hivi tu, wachuuzi wanavuka asubuhi na jioni wako nyumbani, nasi tukadhani kila mpaka una tabia hiyo.

Arusi ilifanyika Jumamosi. Mama aliitazama kwenye simu, sebuleni kwake Golf. Kitenge alikivaa vilevile.