Kutoka Mfongo Hadi Bahari: Mizunguko ya Maji Inavyopimwa kwa Setilaiti

(Mada iliyotolewa na mwana Kirua, mtafiti wa bahari, katika mkutano mkuu wa mwaka)



Mmenipa dakika kumi nieleze kazi yangu na jinsi inavyohusu changizo letu la maabara na chumba cha kompyuta. Najua wapo wanaojiuliza, mtu wa mlimani ana shughuli gani na bahari? Wazee wangu, maji ya mito yetu yanateremka hadi Mto Ruvu, yanaingia Nyumba ya Mungu, yanafuata Mto Pangani na kumwagika baharini, ng'ambo ya Pemba. Na mvua ya masika inayonywesha vihamba vyetu inaletwa na pepo zilizopita juu ya bahari hiyo hiyo.

Kila aliyekwenda zamu ya mfongo ameliona jambo ninalolichunguza. Maji yakipita kwa kasi kando ya jiwe, nyuma yake hujikunja na kuzunguka, na majani makavu hubaki hapo yakicheza. Baharini ni vivyo hivyo, ila jiwe ni kisiwa kizima. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi hukaza mwendo. Wakati wa kaskazi upepo huusukuma kinyume, nao hupungua. Ukikutana na Mafia, Unguja na Pemba, maji hujikunja. Mbele zaidi, pwani ya Somalia, kila kusi huzuka mzunguko mmoja mkubwa unaozidi kilomita 300 kwa upana. Ukiuweka ukingo wake mmoja hapa Moshi, wa pili utapita Tanga.

Mizunguko hii ina faida na hasara. Ipo inayoinua maji baridi yenye rutuba kutoka chini. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho inastawi, dagaa na vibua wanakuja kula, na jodari wanawafuata. Ipo pia inayobeba mayai ya samaki na kuyapeleka mbali na pwani. Mafuta yakimwagika, au chombo kikizimikiwa injini, mzunguko ndio unaoamua kitakapopelekwa.

Sasa, setilaiti inaonaje haya? Haioni mkondo wenyewe. Inapima kimo cha uso wa bahari. Mwaka 1992 Marekani na Ufaransa zilirusha setilaiti iitwayo TOPEX/Poseidon, iliyozunguka dunia kwa kimo cha kilomita 1,336. Rada yake ilituma wimbi chini, likagonga maji na kurudi. Safari hiyo ya kwenda na kurudi inachukua kama sehemu 9 za elfu moja za sekunde. Ukijua muda na mwendokasi, unapata umbali. Ni hesabu ya fizikia ya sekondari. Kwa njia hiyo wanasayansi wanajua kimo cha bahari kwa usahihi wa sentimita chache.

Katikati ya mzunguko maji huwa kama kilima au bonde, la sentimita chache hadi makumi ya sentimita. Kwa kuwa dunia inajizungusha, maji hayateremki moja kwa moja kutoka kilimani, huenda yakikizunguka. Mteremko ukiwa mkali, mwendo ni wa kasi.

Shida ipo karibu na pwani, kule kule wavuvi wanakofanya kazi. Kwanza, rada ikikaribia nchi kavu, mwangwi wa ardhi huchanganyika na wa maji. Pili, setilaiti za zamani zilipima mstari mwembamba tu, na kati ya mstari na mstari, huku karibu na ikweta, zilibaki kilomita kama 300. Bahari kati ya bara na Pemba, yenye upana wa kilomita kama 50, ingeweza kurukwa yote. Tatu, bamvua la pwani yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, nasi tunatafuta sentimita 10 ndani yake. Tena karibu na ikweta ile nguvu ya mzunguko wa dunia ni ndogo, kwa hiyo hesabu inahitaji uangalifu zaidi.

Tarehe 16 Desemba 2022 ilirushwa setilaiti mpya, SWOT, inayopima ukanda wa kilomita 120. Lakini hurudia njia yake kila baada ya siku 21, na mzunguko mdogo waweza kuzaliwa na kufa kabla haijarudi. Ndiyo maana tunaunganisha vipimo vyake na vya setilaiti za joto na rangi ya bahari, na vya vyombo vilivyomo majini.

Ndugu zangu, vipimo hivi vinatolewa bure. Mtoto wa Kirua anaweza kuvichukua siku moja na mtafiti wa Ulaya. Anachokosa ni kompyuta, umeme wa uhakika, na maabara ya kumfanya aielewe fizikia badala ya kuikariri. Pwani yetu inahitaji watu wake wa kuisoma. Vinginevyo tutaendelea kusomewa bahari yetu na wengine.

Wazee wetu hawakumngoja mgeni aje kuwachimbia mifongo. Kila ukoo ulitoa watu, msaragambo ukapigwa, maji yakafika hadi kihamba cha mwisho. Maabara hii ni mfongo wa kizazi chetu. Fomu za ahadi zinapita kwenye viti. Tafadhali isipite mbele yako ikiwa tupu, hata kama unachoweza ni bei ya kiti kimoja cha mwanafunzi.