Wanaouliza Simu na Wanaouliza Nyamrerwa

Julai 2019 ilikuwa mwezi wa matanga nchini Kenya. Tarehe 1 alifariki Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, kwa saratani ya damu. Tarehe 26 akafuata Ken Okoth, mbunge wa Kibra ambaye ukoo wake una mizizi Kabondo, kaunti ya Homa Bay. Yeye aliuawa na saratani ya utumbo mpana. Siku tatu baadaye akaenda Joyce Laboso, gavana wa Bomet, kwa saratani vilevile. Matatuni, redioni na bungeni, saratani ikawa ndiyo habari.

Mtafiti anayetaka kupima mshtuko wa namna hiyo siku hizi haanzi na dodoso. Hufungua Google Trends, chombo kilichozinduliwa 2006, akaangalia watu walitafuta nini na lini. Chombo hicho hakimwambii ni wangapi waliotafuta. Humpa mizani ya 0 hadi 100, na 100 ni pale neno lilipochukua sehemu kubwa zaidi ya yote yaliyotafutwa katika eneo na kipindi alichochagua. Mahali penye watafutaji wachache, mstari hulala kwenye sifuri. Sifuri hiyo ndiyo kiini cha mhadhara huu.

Kwanza, haki ya mstari. Kwa miaka mingi utafutaji wa saratani ya matiti nchini Marekani umekuwa ukipanda kila Oktoba, mwezi wa riboni za waridi, kisha ukashuka riboni zikivuliwa. Angelina Jolie alipoandika kwenye gazeti la New York Times, Mei 2013, kwamba amekatwa matiti ili kujikinga, maswali yalifurika. Huko Uingereza, Jade Goody, nyota wa televisheni aliyefariki kwa saratani ya shingo ya kizazi Machi 2009, aliwasukuma wanawake mpaka kliniki: uchunguzi uliongezeka kwa takriban nusu milioni tangu katikati ya 2008 hadi katikati ya 2009. Kumbe udadisi unaweza kutoka kwenye kioo ukapanda kitanda cha daktari.

Lakini mstari huo una utundu wake. Saratani ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, kama lilivyo “cancer” la Kilatini, na kaa huyo huyo ni nyota ya unajimu. Anayeandika “cancer” kwenye simu huenda anaogopa uvimbe, huenda anatafuta bahati yake ya wiki. Google yenyewe iliumbuka na mradi wake wa kutabiri mafua kwa kutumia maswali ya watu: ulizinduliwa 2008, ukakisia wagonjwa kupita kiasi, ukafungwa 2015. Wanaotafuta ugonjwa si lazima wawe wanaougua.

Watafiti wa Microsoft walikuwa waangalifu zaidi. Mwaka 2016 walionyesha kwamba dalili zilizotafutwa kwenye Bing zingeweza kubashiri sehemu ndogo ya wagonjwa wa saratani ya kongosho, kati ya asilimia 5 na 15, kabla hawajajua wanaumwa nini. Ni kazi ya kusifika. Ila inamhitaji mgonjwa aliyeandika dalili zake mtandaoni, miezi nenda miezi rudi.

Mgonjwa huyo ni adimu Nyatike, kaunti ya Migori, au kisiwani Mfangano, Homa Bay. Sensa ya 2019 ilikuta Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi wanaotumia intaneti ni asilimia 22.6 tu, wanawake wakiwa nyuma ya wanaume. Ukiwa na simu ya kabambe isiyo na intaneti, utaitafuta wapi saratani ya shingo ya kizazi? Na utaitafuta kwa lugha gani, Kijaluo, Kikuria, Kiswahili au Kiingereza? Anayeulizwa ni nyamrerwa, mhudumu wa afya anayepita boma kwa boma. Yeye huulizwa kwa sauti ya chini, jikoni, na hakuna mstari unaopanda.

Ugonjwa wenyewe haungoji bando. Mwaka 2020 Kenya ilikadiriwa kupata wagonjwa wapya 5,236 wa saratani ya shingo ya kizazi, na vifo 3,211. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI huwa katika hatari mara sita hivi zaidi, na uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta maambukizi ya asilimia 19.6 kwa watu wazima wa Homa Bay na 13 kwa wa Migori. Kama kuna mahali pangepaswa kuwaka kwenye ramani ya maswali, ni hapa.

Je, kimya hicho ni kutojali? Jibu lilipatikana Migori, tena bila kompyuta. Kuanzia 2016 watafiti wa KEMRI na Chuo Kikuu cha Duke waligawa jamii 12 mafungu mawili. Kote wanawake walijichukulia sampuli wenyewe ili ipimwe HPV, kirusi kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi. Tofauti ilikuwa mahali. Penye kampeni za kijijini walijitokeza asilimia 60 ya waliolengwa, penye vituo vya afya asilimia 37. Hao ni watu wenye hamu, isipokuwa hamu yao haikupitia kwenye kisanduku cha kutafutia.

Simu iliingia baadaye, wakati wa majibu. Mwanamke alichagua: ujumbe mfupi, kupigiwa, kutembelewa nyumbani au kurudi kliniki. Si chaguo dogo pale simu inapotumiwa na nyumba nzima. Na waliokutwa na kirusi walipotumwa hospitali kutibiwa, walioishia kupata tiba hawakufika nusu. Umbali na nauli ya boda boda vilikuwa njiani.

Tangu Septemba 2023 serikali imewapa simujanja wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini, wakusanyie humo habari za kila nyumba. Nyamrerwa sasa anaingia bomani na kioo mkononi. Mtafiti wa saratani anayejua Kijaluo angefaidika kuketi naye jioni moja, amuulize ameulizwa nini siku hiyo.