Mtego Kabla ya Umri: Jinsi Sahani za Vumbi Zinavyobadilika Kuzunguka Nyota Changa za Tungamo la Kati



Vitabu vingi huichora historia ya sahani ya gesi na vumbi inayozunguka nyota changa kama ngazi. Juu kabisa pana sahani nene iliyojaa gesi. Chini yake ile iliyoanza kukonda. Chini zaidi ile yenye uwazi katikati. Na mwisho kabisa mkanda wa vifusi pamoja na sayari zake. Ukijua umri wa nyota, unajua sahani yake imefika wapi. Kwa nyota za tungamo la kati, zile zenye mara 2 hadi 8 hivi ya tungamo la Jua, mchoro huo umeshindwa, na ninavyoona mimi kushindwa kwake kumetufundisha mengi kuliko mchoro wenyewe. Njia za sahani hizi huachana mapema. Kinachoziachanisha ni iwapo mtego wa vumbi ulijengeka kabla vumbi halijaporomokea kwenye nyota.

Nyota tunazozizungumzia ziliingia katika elimu ya anga mwaka 1960, pale George Herbig wa kituo cha Lick, California, alipochapisha uchunguzi wa nyota 26. Alizichagua kwa dalili tatu: ziwe za moto, za aina ya A au B, spektra yake iwe na mistari inayong'aa, na ziwe zimekaa ndani ya mawingu ya vumbi zikiangaza nebula iliyo jirani. Hadi leo tunaziita nyota za Herbig. Nyingi zina umri wa miaka milioni chache tu. Zina mwanga mkali, kwa hiyo hulipasha joto vumbi lililo mbali nazo, na kwa kawaida sahani zake zina vumbi jingi kuliko zile za nyota ndogo zinazofanana na Jua lilipokuwa changa. Lakini pia hutoweka upesi: sahani ya nyota iliyozidi mara 2 ya tungamo la Jua hutawanyika katika muda unaokaribia nusu ya ule wa nyota ndogo, na ikifika miaka milioni 10 ni chache mno zilizobaki. Sayari kubwa zinazozaliwa humo hazina muda wa kupoteza.

Kwa nini vumbi huporomoka

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo ulipo moyo wa jambo. Gesi ndani ya sahani hubebwa kidogo na kanieneo yake yenyewe, kwa hiyo huizunguka nyota polepole kidogo kuliko mvutano peke yake ungedai. Punje ngumu haina kanieneo ya kuibeba. Huenda kasi kuipita gesi, upepo wa gesi ukaipiga usoni, ikapoteza nguvu ya mzunguko na kuteremka kuelekea kwenye nyota. Vumbi laini la mikromita moja huchukuliwa na gesi na haliteremki sana. Mwamba wa kilomita ni mzito mno kusumbuliwa na upepo huo. Wanaoumia ni wa katikati. Mwaka 1977 Stuart Weidenschilling alikokotoa kwamba kitu chenye ukubwa wa mita moja, kikiwa umbali wa Dunia kutoka Jua, huweza kuangukia kwenye nyota katika muda wa miaka mia moja hivi. Kule nje, ambako gesi ni haba, balaa hilo huzikuta punje za milimita na sentimita.

Kwa hesabu hiyo, sahani zote zilipaswa kuwa zimepoteza punje zake nene mapema sana. Hazijapoteza. Jibu linalokubalika zaidi ni tuta la kanieneo: mahali ambapo kanieneo ya gesi, badala ya kushuka moja kwa moja kwenda nje, inapanda kwanza kisha ikashuka. Kwenye kilele cha tuta upepo wa usoni hukoma, na punje zinazoteremka hukusanyika hapo. Wavuvi wa pwani yetu wanaijua kazi hii kupitia wando: maji hupita, samaki hubaki. Gesi hupita, vumbi laini hupita nayo, punje nene hubaki. Na kinachojenga tuta kwa urahisi kuliko vyote ni sayari kubwa, ambayo husukuma gesi na kufungua pengo katika njia yake. Ukingo wa nje wa pengo hilo ndio mtego.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni nyota iitwayo Oph IRS 48, jirani na kundinyota la Nge, yenye tungamo linalokaribia mara 2 ya Jua. Mwaka 2013 Nienke van der Marel na wenzake walitangaza walichokiona kwa darubini ya ALMA iliyoko kwenye jangwa la Atacama, Chile. Gesi ya kaboni monoksidi iliizunguka nyota pande zote. Vumbi la mikromita nalo lilifanya duara kamili. Lakini punje za milimita zilikuwa zimerundikana upande mmoja tu, wa kusini, kwa kiasi kinachozidi upande wa pili angalau mara 130. Nyota ni moja, sahani ni moja, ila punje zimetenganishwa kwa ukubwa wake, vilevile kama nadharia ya mtego inavyotabiri.

Mpangilio uliopinduka

Mwaka 2001 Gwendolyn Meeus na wenzake walitumia vipimo vya darubini ya angani ya Ulaya, ISO, kuzigawa nyota 14 za Herbig katika makundi mawili. Kundi la I lilitoa mnururisho mwingi wa infraredi kutoka kwenye vumbi baridi la mbali. Kundi la II lilitoa mdogo. Maelezo yaliyofuata yalikuwa mazuri na yenye mantiki: sahani za kundi la I zimetanuka kwenda juu kadiri zinavyokwenda nje, kwa hiyo hupigwa na mwanga wa nyota, zile za kundi la II zimelala bapa, zikifunikwa na kivuli cha ukingo wake wa ndani. Punje zikikua hutulia katikati ya sahani, na sahani hulala. Basi kundi la I ni vijana, kundi la II ni wazee. Ngazi imekamilika.

Kisha zikaja picha. Mwaka 2013 Koen Maaskant na wenzake walionyesha kwamba sahani za kundi la I walizozichunguza zina mapengo makubwa ndani yake, na wakapendekeza kwamba huenda hiyo ndiyo sifa ya kundi zima. Zinang'aa kwa infraredi kwa sababu ukuta wa nje wa pengo umekaa wazi mbele ya nyota. Sahani yenye pengo la namna hiyo haiwezi kuwa mama wa sahani isiyo nalo. Pengo haliendi likazibika kwa utaratibu huo. Waliodhaniwa vijana ndio waliokwisha kupitia mabadiliko makubwa. Nakiona kisa hiki kuwa cha thamani darasani, kwa sababu hakuna aliyekosea kipimo. Vipimo vya 2001 vimesimama hadi leo. Uliopinduka ni mpangilio wa nani alitangulia.

Ushahidi wa tatu ninaupenda kuliko yote, maana haukutoka kwenye sahani bali kwenye uso wa nyota. Nyota ya aina A haina tabaka nene la nje linalochemka na kuchanganya vitu kama lile la Jua. Kinachoiangukia hukaa juu kwa muda, na spektra hukisoma. Mwaka 2015 Mihkel Kama na wenzake walilinganisha uso wa nyota na aina ya sahani inayoizunguka. Nyota za kundi la I, zenye mapengo, zilikuwa na upungufu wa chuma, magnesi na silikoni, kiasi cha theluthi moja tu ya kawaida, ilhali kaboni na oksijeni zilikuwa karibu na kawaida. Chuma, magnesi na silikoni husafiri ndani ya vumbi; kaboni na oksijeni kwa sehemu kubwa husafiri na gesi. Gesi inafika kwenye nyota, vumbi halifiki. Limenaswa njiani.

Wapo watakaouliza kuhusu HD 163296, nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 330 hivi katika kundinyota la Mshale. Ni ya kundi la II, na bado ALMA imeonyesha pete za vumbi zilizo safi kabisa, zikiwa na mapengo makubwa karibu na mara 50 na mara 85 ya umbali wa Dunia hadi Jua. Mwaka 2018 timu mbili, ya Christophe Pinte na ya Richard Teague, zilipima mwendo wa gesi yake zikakuta mikengeuko inayoelezeka kwa sayari zenye tungamo la kiwango cha Mshtarii. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba mitego ina daraja: upo unaozuia karibu kila kitu na kuacha uwazi mpana, na upo unaochelewesha tu. Makundi mawili ya Meeus ni miisho ya mfululizo.

Joto nalo huacha alama yake kwenye punje. Mwaka 1998 kundi la watafiti wa Leuven, Ubelgiji, lilichapisha spektra ya HD 100546, nyota ya anga ya kusini iliyo jirani na Salibu, na ilifanana mno na ya kimondo-mkia cha Hale-Bopp. Ndani yake mlikuwa na fuwele za fosteriti, jamii ya olivini, madini yaleyale yanayopatikana katika mawe ya volkano ya Lashaine karibu na Monduli. Fuwele hizo zinahitaji joto la karibu kelvini 1,000 ili zitengenezwe, lakini baadhi zimeonekana mahali palipo baridi. Ama zilisafirishwa kutoka karibu na nyota, ama zilipashwa moto papo hapo.

Gesi ikiisha, hubaki mikanda ya vifusi kama ule wa Beta Pictoris, uliopigwa picha mwaka 1984, na ule wa Fomalhaut, nyota inayokuwa juu sana angani kwetu jioni za Oktoba na Novemba. Vumbi la huko si lile la mwanzo. Husagwa upya na miamba inayogongana. Beta Pictoris ina sayari kubwa. HR 8799, yenye tungamo la mara 1.5 ya Jua, pungufu kidogo ya kiwango nilichotaja mwanzoni, inazo nne, zote mbali na nyota yao. Dhana yangu ni kwamba mifumo ya namna hii ilipitia njia ya kundi la I.

Dhana ya mitego yenye daraja inaweza kupimwa, na inaweza kupimwa hapa. Data za ALMA hufunguliwa kwa kila mtu baada ya miezi 12, na programu ya kuzichakata, CASA, hutolewa bure. Kazi ninayoipendekeza kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili ni hii: wachukue sahani za kundi la II zilizokwisha kupimwa, walinganishe upana wa gesi ya kaboni monoksidi na upana wa vumbi la milimita. Pasipo na mtego, vumbi litakuwa limejikusanya karibu na nyota na kuiacha gesi mbali nje. Penye mtego dhaifu tofauti hiyo itakuwa ndogo zaidi. Wakimaliza, waongeze safu ya elementi zilizosomwa kwenye uso wa kila nyota, na tukutane tena na jedwali hilo mezani.