Ankara ikifika papo hapo, malipo je?

Mkulima anayeuzia supamaketi ya Nairobi sukumawiki anaweza leo kupokea oda mtandaoni, na ankara yake hupitia eTIMS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Tangu Januari 1, 2024, kwa kawaida gharama isiyo na ankara hiyo haimpunguzii mnunuzi kodi. Ndiyo maana duka kubwa laweza kumkwepa msambazaji asiyejisajili.

Mfumo huu una manufaa: bei na kiasi hubaki kwenye rekodi, karatasi haipotei. Lakini sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mdogo akibanwa kutuma ankara papo hapo, mkubwa naye abanwe kulipa kwa wakati. Tarehe ya ankara ipo, inaonekana. Siku zihesabiwe kuanzia hapo.